Risala ya Kuwatuza Watu Walewale Watatu

Mgeni rasmi wetu Mhandisi Suhair, pamoja na mwenyekiti wa klabu, wakimbiaji wenzetu, majirani mnaotuvumilia kila Ijumaa alfajiri:

Tunakusalimu kwa heshima zote na kukukaribisha Tel Rumman. Tunaomba radhi mapema kwa jambo moja. Risala hii ni ya kuwapongeza wanaojitolea katika klabu yetu ya mbio, na inasomwa na mmoja wa hao wanaopongezwa, Rihab, mfamasia. Si kwamba amejiteua mwenyewe. Mwenyekiti aliuliza nani ataiandika, kundi zima likainama kuangalia viatu.

HISTORIA FUPI

Klabu ilianzishwa na walimu wa shule ya wavulana waliotaka kupunguza vitambi. Vitambi vingine bado tunavyo, lakini watu wameongezeka, na siku hizi Ijumaa barabara inajaa wake kwa waume, vijana kwa wazee. Katika umati huo wote, wasiokimbia ni watatu. Ummu Qusai hubeba maji na tende kwenye buti la gari lake. Rihab hutembea nyuma kabisa na yule wa mwisho, asiachwe peke yake. Na Haji Nawwaf, mwalimu mstaafu wa hesabu, husimama kwenye mzunguko wa barabara kuu na kibendera chekundu, akizuia magari ili sisi tuvuke.

MAFANIKIO

Hakuna mkimbiaji wetu aliyewahi kugongwa. Madereva humtania Haji, "Mjomba, unaongoza ndege?" Naye huwajibu, "Ndege zina adabu. Wewe subiri."

Pia tumetoa ngao za shukrani, mwaka huu ni wa nne, kwa watu walewale watatu. Tulipompelekea Ummu Qusai habari ya ngao ya leo, alisema, "Jamani, ya kwanza inazuia mlango wa jikoni, ya pili inazuia wa sebuleni, ya tatu wa uani. Milango yangu imekwisha. Nileteeni mtu wa kunisaidia kubeba maji." Ngao yake ipo hapo mezani hata hivyo, kwa sababu ilikwisha kuchongwa jina.

CHANGAMOTO

Tumechoka, mgeni rasmi. Tuliambiwa neno hilo halifai kwenye risala, tuandike "changamoto". Changamoto tumeiandika hapo juu. Huku chini tumechoka.

Mwezi uliopita gari la mitungi ya gesi lilimpiga Haji Nawwaf kwa kioo cha pembeni, likaenda zake. Alianguka, akajikokota hadi ukingoni mwa barabara, akaketi na kibendera mapajani. Bahati nzuri magari yalikuwa machache asubuhi ile. Wakimbiaji wakaanza kufika, na kila aliyepita alimwambia kama kawaida yetu, "Mungu akupe afya, Haji!" Naye aliwaitikia wote, "Nanyi pia, wanangu." Klabu nzima ilimshukuru, na hakuna hata mmoja aliyesimama. Tulidhani anapumzika.

Rihab ndiye aliyemkuta, akiwa na yule wa mwisho. Bega lilikuwa limeteguka.

"Haji, mbona hukusema?"

"Ningesema wangesimama katikati ya barabara, binti yangu. Sasa nani angezuia magari?"

Haya tunayasoma mbele yako kwa aibu. Ijumaa iliyofuata alirudi, kibendera kikiwa mkono wa kushoto. Mkewe alitupigia simu kutuuliza kama mtaa mzima umeishiwa watu.

MAOMBI

Mgeni rasmi wa mwaka jana alituahidi askari wa barabarani. Askari alikuja Ijumaa moja, akapiga picha nasi, na picha ikatoka nzuri. Safari hii tunaomba askari asiye wa picha, anayekuja kila Ijumaa baada ya sala ya alfajiri na kukaa mpaka wa mwisho avuke.

Na kwa ruhusa yako, tunawageukia wenzetu mlioketi humu na miguu yenye afya. Shikeni zamu. Ijumaa moja moja usikimbie, simama. Mkate, hummus na chai viko pale nyuma, havikimbii, hivyo msianze kuchungulia mlango kabla hatujapata majina.

La mwisho ni zawadi. Tulimwuliza Haji Nawwaf, huyu aliyeketi hapa mbele, badala ya ngao ya nne angependa nini. Tulidhani atasema koti la baridi, au safari ya Umra. Alisema, "Nataka Ijumaa moja nilale. Niamke jua limeshapanda, mke wangu aniambie kwamba wote mmefika."

Hiyo haiuzwi dukani. Ndiyo maana tumekuita.

Mungu akurudishe nyumbani salama, awarehemu wazazi wako, na akujalie usitusahau ukishatoka mlango ule.

Ni sisi,
Wakimbiaji wa Ijumaa,
Tel Rumman, Irbid.