Kilio Changu Kingoje Kura

Sogeeni karibu, wanangu, na huyo anayelia anyamaze kwanza, maana sauti yangu imebaki kidogo na leo nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu tufike Louisville, huku Marekani: kesho mtaa wetu huu wa Okolona unapiga kura, na jina la Nzigire, binti yangu mimi Eliezer, limo kati ya wagombea wa baraza la mji.

Bon, mnajua ninachoogopa: kufa kesho. Mnakumbuka mama Veridiana alivyotutoka siku ile Enoki wa kanisa letu alipogombea? Kanisa zima lilikimbilia kilio, watu wakakaa humo na fulana zenye picha ya Enoki, wakaimba mpaka vituo vya kura vikafungwa, na Enoki mwenyewe alikuwa nao, anagawa chai. Alishindwa. Sisi hatumwachi mfiwa peke yake, na ni vizuri, lakini safari hii kilio changu kingoje.

Aganze, gari langu kubwa ni lako, utaenda nalo kwako Columbus; ila kesho libebe wazee wa kanisa hadi kituoni, waombolezaji watembee. Balagizi, wewe uliyetoka Buffalo, nyumba hii nakuachia wewe na dada yako, msigombane. Leo hii nenda kwa Semahoro. Hatujasalimiana tangu ugomvi wa kwaya ulipopasua kanisa, nami bado nasema alikosea, lakini kidole kimoja hakivunji chawa: mwombe kura za wale waliojitenga naye, na akikataa mpe mkono vilevile. Nikifa, simama mlangoni. Mwenye uraia asiye na kifuani kile kibandiko wanachopewa waliokwisha kupiga kura asipewe kiti wala chai, arudi akapige kura kwanza. Asiye na uraia aingie, aangalie watoto wa wanaokwenda. Ndiyo, chekeni. Mimi mwenyewe nacheka, ingawa kifua... ngojeni kidogo.

Nipeni maji. Asante.

Nzigire, tangu asubuhi umenishika mkono huu, na huko nje kuna milango hujabisha hodi. Donc, uniachilie. Mungu aliyetuvusha akutangulie, awajalie nyote kupendana, na watoto wenu wasiitwe wageni hapa. Ukirudi usinikute, usilie kabla kura hazijahesabiwa. Vaa koti, mama. Nenda... nenda, mwanangu, bado nakuona.