Ukuta wa Bi Hajira

Bi Hajira Mdoe ametumikia Shamba la Mkonge Kwedilolo tangu Juni 1957, na anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Juni 1979. Ni miaka ishirini na miwili. Wageni wetu wengi wanamjua kama mama wa kiwanja, yule wa kumwagilia na kufagia. Basi wajue kwamba alikuwa mchezaji wa tenisi, na kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo alilipwa mshahara kwa kazi hiyo hiyo ya kucheza. Kuanzia Hale hadi Korogwe hatujamsikia mwanamke mwingine aliyeajiriwa kupiga mpira.

Anaondoka, na kiwanja chake kinaondoka pia, maana hapo panajengwa kreshi ya kulelea watoto wa wafanyakazi. Kabla ya kwenda aliomba jambo moja tu, ili mchezo usife kabisa hapa shambani. Ombi hilo nitalifikia. Kwanza tumweleze alivyokuwa.

Alitoka kwao Handeni mwaka wa njaa, msichana wa miaka kumi na tisa, akamfuata kaka yake aliyekuwa mkata mkonge. Aliandikwa kazi ya kung'oa nyasi kwenye kiwanja cha klabu ya wazungu. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha udongo wa kichuguu. Kichuguu hubomolewa, udongo ukapondwa na kuchekechwa, ukamwagiwa maji, kisha ukashindiliwa kwa roli la saruji mpaka ukawa mgumu kuliko sakafu za nyumba zetu. Roli hilo huvutwa na watu wawili. Mwenzake alipotoroka kazi, Hajira alilivuta peke yake, na hakuletewa mwingine.

Raketi yake ya kwanza ilikuwa imetupwa jalalani na mke wa meneja. Aliifuma upya kwa uzi wa kuvulia samaki wa Mto Pangani. Mchana wazungu walipolala, yeye alikwenda nyuma ya ghala la singa, yaani nyuzi za mkonge, na kupiga mpira ukutani. Ukuta ule ulikuwa mrefu, na haukuwa na dirisha hata moja, kwa sababu singa kavu ikiingiwa na cheche ya moto ndiyo basi. Huo ndio mwalimu aliyemfundisha. Wanaume waliotoka zamu ya korona, kwenye mashine ya kuchakata mkonge, walimcheka wakipita.

"Binti Mdoe, ukuta umekukosea nini?"

"Haujanikosea. Nyinyi nikiwasalimia mnaitikia nusu. Huu unaitika kila mara."

Mwezi wa Uhuru, Desemba 1961, klabu ilifanya mashindano ya sherehe na mama mmoja wa kizungu akaugua. Mke wa meneja alitazama huku na huku, akamwita mtunza kiwanja acheze upande wake. Hajira alisema angejaribu, ila viatu hana. Akacheza miguu mitupu. Siku hiyo ndiyo wafanyakazi walisimama kwenye uzio kwa mara ya kwanza bila kufukuzwa, na fundi mwashi wetu Bernardo, wakati huo kijana, alipanda juu ya tangi la maji akapiga kelele, "Dada, piga kama ukutani!" Alipiga kama ukutani. Wakashinda. Mke wa meneja alimpa viatu vyake mwenyewe, ambavyo vilikuwa vidogo, na Hajira akavikata mbele vidole vipate kutoka.

Mwaka 1964 shamba lilimpeleka kwenye mashindano ya Tanga, akafika fainali ya wanawake. Hapa ndipo pana hadithi ambayo yeye huisimulia akicheka, ingawa iligharimu mwaka mzima. Wavu wetu wa dukani ulikuwa umeoza, na akina mama wa chumba cha kamba walikuwa wamesuka mwingine kwa katani yetu wenyewe. Bernardo ndiye aliyeufunga. Aliupima katikati kama inavyotakiwa, raketi moja imesimama na nyingine imelazwa juu yake, na ukawa sawasawa kabisa. Lakini alipima mchana, jua kali. Hajira alifanya mazoezi alfajiri kabla ya kazi, na katani ikilowa umande hujikaza. Kila asubuhi wavu wetu ulipanda, na jua likitoka ulishuka tena, wala hakuna aliyegundua. Mkono wake ukazoea kuinua mpira.

Tanga walicheza jioni, na wavu ulikuwa wa pamba, umetulia chini. Kila mpira wake uliupita kwa mbali na kuangukia nje ya mstari. Mtazamaji mmoja alisema kwa sauti, "Huyu mama anapigia Pemba!" Uwanja mzima ukacheka. Alirudi na treni. Kukicha alisimamisha raketi kando ya wavu uliolowa, akalaza ya pili juu yake, akaona kamba imepita kwa vidole vinne. Alikaa chini kwenye udongo wa kiwanja akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akafunga jiwe katikati ya wavu ili uvutike chini. Jiwe hilo lipo hadi leo. Mwaka uliofuata alirudi Tanga na kuchukua kombe, na mwaka wa pili yake akalichukua tena.

Mashamba ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967, wazungu wetu walifungasha. Ukafanyika mkutano wa tawi la chama kuamua mambo ya klabu. Msemaji mmoja alisema tenisi ni mchezo wa kibepari na kiwanja kilimwe mihogo. Hajira alisimama na kanga yake ya kazini.

"Kichuguu kimetoka porini kwetu. Roli nimevuta mimi. Kama kiwanja hiki ni cha bepari, basi bepari ndiye mimi, nikamateni."

Watu walicheka sana, na kiwanja kikanusurika. Meneja mpya alimwandika Mchezaji na Mwalimu wa Michezo. Kwa jina hilo alicheza Moshi na Dar es Salaam, na mwaka 1970 alifika nusu fainali Nairobi, akashindwa katika seti ya tatu. Hakuleta kombe. Alileta kopo la mipira mipya, akawagawia wasichana wa kambini waliokuwa wakijifunza kwake kila jioni.

Baada ya hapo mambo yalirudi nyuma, na siwezi kuyapamba.

Mwaka 1972 ghala la singa liliungua. Ule ukuta ulisimama siku mbili katikati ya majivu, halafu mvua ikaushusha. Mwaka 1974 watu wa pembezoni walihamishiwa vijiji vipya, na wasichana wake wengi wakaondoka na wazazi wao, wengine bila kuaga. Alibaki na wachache, na mmoja wao alikuwa Zuena, mtoto wa wakulima wa Makuyuni. Mkono wa Zuena ulikuwa mwepesi kuliko wa mwalimu wake, na Bi Hajira ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema hilo. Mwaka 1975 Zuena alishinda Tanga. Mwaka uliofuata, akiwa ameolewa, uchungu ulimshika wakati wa masika, barabara imekatika, na akafia njiani. Mtoto alipona. Bi Hajira hakuwahi kuzaa. Alimchukua mtoto yule, Mashavu, kwa ridhaa ya ndugu, na ndiye anayemlea. Kiwanja kilikaa bila kufagiwa kwa muda mrefu, nasi hatukumuuliza.

Kisha mpaka wa Kenya ukafungwa, na safari yake ya mwisho ya Nairobi ikafa. Mipira nayo haikuja tena. Iliyobaki ilinyonyoka manyoya mpaka ikawa na vipara, na wasichana wakaipa majina ya wazee wa shambani. Vita vilipoanza hata hilo hatukuthubutu kulilalamikia. Goti lake la kulia lilivimba, na jicho la kushoto likaingia ukungu. Daktari alimwambia apumzike. Siku moja alisimama akingoja mpira uliokwisha kumpita.

Ndipo likaja suala la kreshi. Nafanya kazi kreshi, na mwanangu wa mwisho amelala mgongoni mwangu ninapoandika haya, kwa hiyo nitasema wazi. Chumba tulicho nacho ni stoo ya zamani. Kinavuja, kinanuka mafuta ya mashine, na masika yaliyopita watoto walikohoa kupokezana mpaka Mei. Shamba halina nguvu ya kusawazisha kiwanja kipya. Mkutano ulipotafuta mahali pakavu, tambarare na pagumu, hapakuwa na pengine. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukitaja kiwanja. Bi Hajira akakitaja mwenyewe.

"Jengeni kiwanjani kwangu. Pameshashindiliwa."

Sikuweza kumtazama. Nilifurahi kwa ajili ya watoto, na furaha hiyo ilinichoma. Halafu akaomba lile jambo lake. Aliomba ukuta wa upande wa magharibi usiwekwe dirisha, ujengwe mrefu na kupigwa lipu laini, na nje yake pabaki wazi, ili msichana yeyote mwenye mpira apate pa kuupiga.

Bwana Sadala, meneja wetu, ni mtu mwema lakini alishtuka.

"Bi Hajira, shikamoo yako, lakini kreshi bila dirisha si itakuwa ghala?"

"Wekeni madirisha pande tatu, mwanangu. Mimi naomba upande mmoja."

"Na huo upande mmoja ndio unaoleta upepo. Halafu makelele! Watoto wakiamka?"

"Wakiamka watalazwa tena. Mama zao wapo."

Mkutano ulicheka kidogo, na jambo likaahirishwa. Meneja alisema atalitazama. Sote tunajua jambo linalotazamwa linavyoweza kutazamwa. Mwezi mzima Bi Hajira alikuwa akija jioni, anashika mkono wa Mashavu, anasimama mbali kidogo na kutazama matofali yanavyopanda. Hakuuliza. Ila jicho lake zima lilikuwa upande wa magharibi, na kila mtu aliliona.

Jumanne iliyopita kuta zilifika kimo cha madirisha. Meneja alikuwa safarini Tanga na hakuacha neno lolote. Fundi Bernardo, ambaye siku hizi naye ana mvi, aliteremka kwenye jukwaa na mwiko mkononi, akaja mlangoni kwetu.

"Mama zangu, watoto ni wenu. Nikitoboa, natoboa leo. Nisipotoboa, hapatoboki tena. Semeni."

Tulikuwa wanane, kila mmoja na mtoto, wengine wawili. Mwenzetu Hilaria alisema joto la Februari litatuua. Ni kweli, litatuua. Mwingine alisema mpira ukigonga hapo saa za kulala, tutawalaza watoto hao hao mara mbili kwa mshahara ule ule. Nalo ni kweli, na mimi nimechoka tayari kabla mpira haujagonga. Lakini niliwauliza wenzangu ni nani kati yetu aliyewahi kuombwa na Bi Hajira kitu chochote kwa miaka yote hii. Hilaria akamhamisha mtoto bega, akamwambia fundi, "Jenga." Bernardo hakungoja tubadili mawazo. Hadi jioni matofali yalikuwa yamepita kimo cha dirisha upande mzima, na lipu inapigwa wiki hii.

Kwa hiyo Bwana Meneja atakaposoma karatasi hii kwenye sherehe, alipokee hivyo. Kwa heshima zote, ukuta hautabomolewa. Madirisha ya pande tatu yanatutosha. Tutaomba tu miti ya kivuli.

Wafanyakazi walichanga wakamnunulia Bi Hajira kitenge na sufuria kubwa. Juu ya hayo amepewa wavu wa katani pamoja na jiwe lake. Jumapili asubuhi anapanda lori kwenda kwao Handeni pamoja na Mashavu. Amesema kule vichuguu vipo, ila hakusema zaidi, wala hatujui jicho litamvumilia mpaka lini.

Bi Hajira, ahsante kwa udongo ulioushindilia. Watoto wetu watatambaa juu yake wakiwa wakavu. Ahsante kwa jioni ulizowapa binti zetu, na kwa Zuena, ambaye hatumsahau. Safari njema, jicho lipate nafuu, na Mashavu akukulie vyema. Wasichana wetu wakianza kugonga ukutani na watoto wakaamka, tutawalaza tena kama ulivyosema, na tutakutaja.

Grasiana Yordani,
kwa niaba ya akina mama wa kreshi