Kadi Namba Saba: Kumuaga Mama Selpha Adero, Mnoaji wa Vyembe

Mama Selpha Adero anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 1997, baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka kumi na sita na miezi minane. Ana umri wa miaka hamsini na miwili. Wenye hesabu nzuri watasema bado alikuwa na miaka mitatu ya kazi, na ni kweli, nitafika huko.

Aliajiriwa Machi 1981, tulipokuwa bado kwenye banda la mabati karibu na Kondele. Kwa wageni walioalikwa leo, kazi yetu ni kutengeneza vyembe, yaani vichwa vya chuma vya mishale, kwa ajili ya wawindaji wa ng'ambo. Hapa kwetu uwindaji ulishapigwa marufuku kabla hajaajiriwa, kwa hiyo Mama Selpha amenoa maelfu ya vyembe bila kumwona hata mnyama mmoja aliyepigwa navyo. Alikuwa akisema anawapa wanyama wote pole kwa pamoja.

Chuma chetu ni kigumu na hakitaki haraka. Chembe cha mbawa tatu hulazwa juu ya jiwe la kunolea lenye mafuta, mbawa mbili zikigusa jiwe kwa pamoja, kisha hugeuzwa, na kila upande lazima usuguliwe mara sawa na mwenzake. Mama Selpha alihesabu kwa Kijaluo, midomo ikicheza, na akikatizwa alianza upya kutoka achiel, moja. Ndiyo maana hakuitikia salamu. Meneja wetu, Bwana Ogola, siku yake ya kwanza alimsalimu mara tatu, akaenda zake amenuna, akaagiza aletewe faili la yule mama mwenye kiburi. Alipoelezwa alirudi, akasimama kimya mpaka chembe kikaisha, ndipo akasalimiwa yeye.

Kipimo chake kilikuwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichovutwa kati ya misumari miwili. Chembe kilichoipenya bila kusukumwa kilitiwa kwenye katoni, na katoni ikijaa aliweka juu kadi yake ya mnoaji, namba saba. Wateja waliiulizia kadi hiyo kwa barua. Visu vya kantini navyo vilipitia mikononi mwake, hadi Nabwire, mpishi wetu, akalalamika kwamba sukuma wiki inakatika kabla yeye hajaamua.

Sasa nifike pale. Mwezi wa Mei mwaka huu alikwenda Bondo kumzika dada yake. Oda ya vyembe mia sita ilikuwa inangoja, nami, msaidizi wake, ndiye niliyeachiwa. Jiwe lilinishinda subira. Nikavipitisha vyote kwenye grinda ya umeme, vikatoka vinang'aa, vikapita kwenye tyubu, nikavifunga na kuweka kadi namba saba. Nilijua kwamba grinda huchoma chuma na kukiondolea ugumu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Nilidhani haitaonekana.

Mwezi wa Agosti katoni zilirudi. Makali hayakudumu, vyembe vyote vilikuwa butu. Mama Selpha aliitwa ofisini, nami nikaitwa nibebe katoni. Alichukua chembe kimoja, akakigeuzageuza dirishani penye mwanga mpaka akauona ukingo wa buluu.

"Hii imechomeka," alisema. "Jiwe haichomi chuma."

Bwana Ogola akamuuliza, basi ni nani aliyevichoma. Mama Selpha hakunitazama. Alisema, "Kadi ni yangu," akarudi kwenye benchi lake. Mimi nilibaki nimekumbatia katoni. Wiki iliyofuata akaandikiwa barua kwamba mkono wake umechoka, astaafu mapema. Sijamuuliza kwa nini hakunitaja. Naogopa atanijibu.

Tangu siku ile, tukimsalimu akiwa kazini, anaitikia. Wenzangu walifurahi wakisema mama siku hizi amekuwa mchangamfu. Mimi nakaa naye benchi moja, na najua kwamba hahesabu tena.

Ukurasa huu niliupeleka kwa mpiga chapa bila kuupitishia ofisini, kwa hiyo Bwana Ogola anausoma sasa hivi pamoja nanyi. Mkono wa Mama Selpha haujachoka. Vyembe vile mia sita niliviharibu mimi, na barua ile ilistahili kuandikwa jina langu. Nimechelewa miezi mitatu kulisema, na naona aibu.

Alipoulizwa anataka zawadi gani, alikataa saa ya ukutani, akaomba jiwe lake tu. Amepewa.

Asante, Mama Selpha, kwa miaka yote hiyo na kwa kila chembe. Sisi sote tunakutakia siku njema na afya huko nyumbani Otonglo. Nitakuja kukuona. Nikikukuta kwenye jiwe nitasimama mlangoni, na tafadhali, usiniitikie mpaka umalize kuhesabu.

Nicodemus Waliaula,
Benchi la Unoaji