Mkasi na Paa la Soko

Baada ya miaka kumi na tisa kwenye kiti cha mhariri mkuu, Mkasi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo tulimpa sisi wa chumba cha habari, kwa jinsi alivyokata habari zetu bila huruma.

Maneno yake mwenyewe hayakukatika kirahisi. Enzi za uwakili aliwahi kumtetea mwizi wa baiskeli kwa maneno mengi hadi mshtakiwa akaomba akiri, apumzike. Akaingia bungeni kipindi kimoja, wapiga kura wakamshukuru na kumpumzisha. Akaandika riwaya nene, ambayo mkewe anasema ni nzuri sana, ila bado hajafika katikati. Kwa sasa inazuia dirisha la jikoni lisijifunge.

Kutoka mahakamani alikuja na sharti moja: hakuna anayeguswa gazetini kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea. Siku moja mwenzetu akaleta habari ya mbunge wa zamani aliyewaahidi wachuuzi paa la soko, na bado wananyeshewa. Mbunge huyo ni Mkasi. Mmiliki wa gazeti naye, akihofia gazeti kuaibika, akapiga simu: habari hiyo ikitoka, Mkasi atafute kazi nyingine.

Mkasi akamwita mwandishi ofisini, akamwambia amhoji kama anavyohoji mtu yeyote. Majibu yalijaa kurasa tatu. Kisha akachukua kalamu yake nyekundu, akakata, akakata, yakabaki maneno mawili: niliahidi, sikujenga. Mmiliki akajibiwa kwamba habari ambayo mtuhumiwa ameshaijibu haiondolewi. Ikatoka ukurasa wa kwanza.

Tulikaa roho juu wiki nzima. Gazeti likaisha mitaani, na mmiliki, anayependa mauzo kuliko ugomvi, akaanza kusema wazo lilikuwa lake. Paa nalo likaezekwa na mbunge aliyefuata, kwa kuogopa kuhojiwa.

Wasifu huu pia tulimpelekea ajitetee. Sifa zote amezikata. Penye sentensi kwamba tutamkosa, ameandika pembeni: ushahidi uko wapi?

Bosi, ushahidi ni sisi. Tangu utangaze kuondoka, tunakuletea hata habari ya hali ya hewa uipitie, tupate tu sababu ya kuingia ofisini kwako. Asante kwa yote. Ukaishi vyema na mama, na huko nyumbani ongea upendavyo. Hatukati.