Mnyororo wa Lango la Mashariki

Mheshimiwa Meya, Baba Paroko, ndugu wazee wa vyama vya mafundi, na ninyi mliosimama matopeni huko nyuma, wenyeji wenzangu wa Marshwick:

Niliombwa niuzindue ukuta huu kwa maneno ya furaha. Mniwie radhi, tangu Jumanne ulimi wangu ni mzito.

Mnajua tulivyoupata. Mji haujijengei ukuta kwa kutaka tu, maana Mfalme akiona boma asilolijua huona uasi. Tulimwomba, akatupa kibali cha miaka saba, na gharama akaturuhusu tuzipate kwa ushuru: nusu peni kwa kila ng'ombe aletwaye kuuzwa, na kiasi chake kwa sufu, chumvi na samaki. Aletwaye kuuzwa, ndugu zangu. Mimi karani wenu nililisoma neno hilo kwa sauti pale sokoni. Nani hakulisikia?

Bwana Reynold, mtoza ushuru wetu, hakutuibia kitu, na kwa hilo namsifu. Lakini Jumanne maharamia walipotua pwani, na watu wa ufukweni wakakimbilia lango hili na mifugo yao, yeye aliuacha mnyororo unaozuia njia langoni umefungwa, akaanza kutoza.

Mama Hawise, wewe uliyesimama pale, ulimwambia, "Baba, siuzi ng'ombe, nakimbia."

Akakujibu, "Ng'ombe akiingia analipa. Ukuta haujengwi kwa machozi, mama."

Ukavua pete yako ya ndoa ukampa. Alipokuwa bado anaigeuzageuza, mumeo Gilbert alikuwa mwisho wa foleni, na maharamia wakaufikia mwisho wa foleni kwanza. Sisi tulikuwa juu, salama, tunatazama. Gilbert aliulipia ukuta huu kila siku ya soko kwa miaka yote hii, akafia nje yake, hatua chache tu. Tulikuwa tunamjengea nani?

Mheshimiwa Meya, ulinipa ufunguo wa mnyororo nimkabidhi Bwana Reynold kwa heshima. Mkono wangu umekataa. Naomba mhunzi aukate mnyororo leo, na ushuru utozwe sokoni, pale mtu anapouza, kama Mfalme alivyosema.

Na wewe, Bwana Reynold, ile pete iko kwenye sanduku la mji. Kailete.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Sishuki jukwaani mpaka pete irudi kidoleni mwa Mama Hawise.