Wakili Eunike, Aliyejifunza Kuisubiri Kalamu

Dada yetu mpendwa, Wakili Eunike Macha, alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1955, Old Moshi, kihambani, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kwa Mzee Elirehema Macha. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Mama alituambia kwamba mtoto huyu alianza kusema kabla hajatembea, na alipotembea hakuona sababu ya kuacha kusema. Akitumwa majani ya ng'ombe alirudi na nusu mzigo wa majani na habari za kijiji kizima.

Mdogo wake Wilson, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, ni shahidi. Mwaka 1964 Wilson alivunja mtungi wa Babu wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Eunike akajitokeza kumtetea, na alimtetea vizuri mno. Baba alikuwa ameshaitikia kwa kichwa, yuko tayari kusamehe, lakini mtetezi hakunyamaza. Akaendelea mpaka akataja na kuku waliopotea, na ngazi iliyovunjika, mambo ambayo Baba hakuwa na habari nayo. Wilson alichapwa kwa makosa matatu. Hiyo ndiyo kesi ya kwanza ya marehemu, na mteja wake hajaisahau hadi leo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo nyumbani, kisha sekondari ya wasichana Ashira mwaka 1970 hadi 1973, na kidato cha tano na sita Tabora. Kwenye midahalo hakuwa na mpinzani, maana mpinzani alipokuwa anatafuta pa kuanzia, dada ameshamaliza na ameketi. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1978, akapata shahada ya sheria mwaka 1982. Alifanya kazi serikalini Dar es Salaam, na mwaka 1987 akarudi Moshi kufanya uwakili katika ofisi ya Mzee Gurmit, wakili wa siku nyingi, Singasinga mpole aliyezaliwa papa hapa mjini na aliyeongea Kichagga vizuri kuliko baadhi yetu.

Mwaka 1988 ofisini akaingia Mama Elisaria wa Mbokomu, mjane mwenye mabinti wanne. Shemeji yake, Bwana Sirili, alikuwa amemshtaki atoke kihambani, akidai kwamba mwanamke asiye na mtoto wa kiume hana kihamba. Alitaka kung'oa kahawa apande nyanya, kwa kuwa miaka ile bei ya kahawa ilikuwa inashuka na nyanya zilikuwa zinakimbiliwa sokoni. Eunike alilia kwa hasira aliposikia. Siku ya kesi alisimama, akasema kwa dakika arobaini bila kumeza mate. Watu waliokuja kusikiliza walimpigia makofi hadi karani akawakemea.

Alishindwa.

Aliporudi ofisini na nakala ya mwenendo wa shauri, Mzee Gurmit alimwomba amwonyeshe hotuba yake. Ilikuwa mstari mmoja: wakili wa mdaiwa ametoa hoja zake. Mahakamani kwetu hakimu huandika kila kitu kwa mkono wake mwenyewe, na dada alikuwa amekimbia, mkono wa hakimu ukachoka, ukaweka kalamu chini. Hata ushahidi wa Mama Elisaria ulikuwa vipande vipande, maana wakili wake alimkatiza kila alipovuta pumzi.

"Binti yangu," Mzee Gurmit akamwambia, "hakimu ana mkono mmoja na kalamu moja. Usimtazame usoni. Tazama kalamu. Ikitembea, nyamaza. Ikisimama, sema neno moja zuri."

Mama Elisaria alifungasha, akahamia kwa binti yake Kahe. Dada hakupata usingizi wiki nzima. Mwisho alifanya kama tulivyolelewa. Alikata jani la isale, mmea tunaopanda mipakani na kuombea msamaha, akalifunga fundo, akateremka Kahe kwa miguu yake kuomba radhi. Alimkuta mama huyo shambani, kwenye maji ya mfereji.

"Shikamoo, Mama. Nimekuja na isale. Nilisema sana, nikakupotezea nyumba."

Mama Elisaria alinawa mikono, akalipokea. "Marahaba. Msamaha umepata, isale halikataliwi," akasema. "Sasa nataka kihamba changu."

Dada alikata rufaa. Jaji aliona kwamba mashahidi wa mpaka hawakuulizwa ipasavyo, akaamuru shauri lisikilizwe upya. Kazi ikawa sasa kujifunza kunyamaza, na jamani, ng'ombe angejifunza kupanda ngazi mapema zaidi. Alihitaji mtu wa kumwandikia polepole. Mzee Gurmit akamtafutia Mwalimu Filemon, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Mwika, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote na mvivu kuliko wote. Kila Jumamosi, mezani kwa Mzee Gurmit, dada alisema na Mwalimu akaandika. Akizidisha kasi, Mwalimu aliweka kalamu chini akanywa chai. Siku moja kalamu ilisimama na dada akabaki kimya, akimtazama tu. Mwalimu alituambia kwamba kimya hicho kilidumu muda mrefu, na kilipokwisha alijikuta ameshaomba kumwoa. Walifunga ndoa tarehe 28 Aprili 1990, ukoo ukapumua, maana bibi harusi alikuwa na miaka thelathini na mitano na shangazi walikuwa wameanza kukohoa.

Shauri lilisikilizwa upya Machi 1991. Kizimbani alisimama Bwana Sirili. Dada alimuuliza polepole, kwa upole.

"Masale ya mpaka wa kihamba kile aliyapanda nani?"

"Marehemu kaka."

Kalamu ikatembea. Dada akasubiri.

"Na miche aliibeba nani?"

Bwana Sirili alitazama chini. "Mimi."

Wilson alikuwa ameketi nyuma, na anajua dada yake alivyokuwa anachemka. Eunike wa zamani angeruka hapo hapo na hotuba. Lakini aliitazama kalamu ya hakimu ikivuka karatasi, akaikaza midomo yake. Kalamu ikasimama. Hakusema neno. Chumba kizima kikanyamaza, na Bwana Sirili, mtu asiyependa kimya, akashindwa kuvumilia.

"Na Baba alikuwepo," akasema mwenyewe. "Alisema hapa ni kwa Mama Elisaria na watoto wake."

Kalamu ikaandika hayo yote. Dada akasema, "Sina swali jingine, Mheshimiwa," akaketi. Tarehe 17 Mei 1991 Mama Elisaria alirudi Mbokomu, na kahawa yake alikuta bado imesimama.

Tangu siku hiyo mawakili vijana walitumwa kwa dada kujifunza. Aliwapa kalamu kwanza, waandike hotuba za wenzao mpaka vidole viume, ndipo awaruhusu kusimama. Nyumbani kwake Rau, hata hivyo, aliongea kama kawaida. Alisema mahakamani ananyamaza kwa mshahara.

Agosti 2004 alianza kupata maumivu ya koo. Alitibiwa KCMC, kisha Ocean Road, Dar es Salaam, na tunawashukuru sana madaktari na wauguzi. Ilikuwa saratani. Februari mwaka huu sauti ilikatika kabisa, ikatuuma sana. Akaomba daftari. Ukoo wetu, ambao haujawahi kunyamaza hata kanisani, ukajifunza kukaa kimya kukizunguka kitanda chake na kuisubiri kalamu. Alimwandikia Wilson: "Wasifu wangu usome taratibu. Mama Elisaria anasikia kwa sikio moja." Alilala katika Bwana Alhamisi tarehe 9 Juni 2005, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mwalimu Filemon.

Juzi Mama Elisaria alifika hapa msibani Mwika, na miaka yake themanini na moja, amebeba mche wa isale aliouchimba kwenye mpaka wa kihamba chake. Hakutaka mtu ampokee. "Mwaka ule aliniletea yeye," akasema. "Leo naleta mimi." Baada ya maombi ataupanda mwenyewe kichwani pa kaburi, nasi tutasubiri mpaka amalize.

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Filemon. Watoto wawili, Kindness na Ndelilio. Ndugu watano, Wilson akiwemo. Na Mama Elisaria, ambaye dada mwenyewe aliandika kwenye daftari kwamba atajwe pamoja na familia.

Dada, tumesoma taratibu. Kila neno limesikika. Bwana akupe pumziko la amani.