Nywele za Narita Kenzo Zitakatwa na Mkewe

Marehemu Narita Kenzo alizaliwa tarehe 14 Novemba 1967 huko Goshogawara, Aomori, mtoto wa tatu wa mkulima wa matufaha. Mama yake, aliyeketi hapa mbele, husema mkunga alimpima mara mbili akidhani mizani imeharibika.

Alisoma hukohuko hadi Machi 1983. Hesabu zilimshinda, lakini hakuna mwanafunzi aliyeweza kumsukuma nje ya duara la mieleka. Mwaka huo alijiunga na kambi ya sumo, mieleka yetu ya jadi, mtaani Sumida, Tokyo, akafuga nywele, akafungwa shungi la utosini, alama ya wanasumo. Alipika, alifua, alipigwa, alipanda daraja. Mwaka 1993 alifika daraja la pili kutoka juu, ambapo mwanamieleka huruhusiwa kuoa na kulala nje ya kambi.

Tarehe 5 Juni 1994 alinioa mimi, Hatsue, niliyekuwa nikipeleka tofu, ile jibini ya soya, jikoni kwao. Aliniposa hivi: "Kila siku tofu inabaki, wewe unaondoka. Hebu tubadilishe."

Imesemwa miaka mingi kwamba mke alimharibia kazi. Yaliyotokea ni haya. Asubuhi ya tarehe 20 Februari 1996, mazoezini, Kenzo alianguka kifudifudi, uso ukazama udongoni. Wanaume walisimama wakisubiri bwana wa kambi aseme neno. Mimi nilitupa ndoo ya tofu niliyokuwa nimeleta, nikapanda ulingoni, mahali ambapo mwanamke ni mwiko kukanyaga, nikamgeuza.

"Mke wa Narita, shuka! Unakanyaga ulingo!"

"Hapumui, Bwana Mkubwa!"

"Nimesema shuka!"

Alipumua. Hata hajainuliwa, walikwisha kuanza kumwaga chumvi ya kutakasa pale nilipokanyaga.

Alipotoka hospitali aliitwa apige magoti, aombe radhi kwa najisi ya mkewe. Alijibu, "Mke wangu alinigeuza nikapumua. Niombe radhi kwa kuwa hai?" Akafukuzwa siku hiyohiyo, bila sherehe ya kustaafu ya kukatwa shungi, ambapo kila rafiki hukata kidogo na bwana wa kambi humalizia. Njiani kurudi nyumbani akaniambia, "Waliokataa kulikata hawataligusa tena."

Kuanzia 1997 hadi 2014 alipigana mieleka ya burudani kwa jina la Mfalme wa Chumvi, shungi kichwani, nikilifunga mimi mwenyewe kwa mafuta ya nywele ya kamelia. Waliosema ile ni sumo ya sarakasi hawakuwahi kubebwa juu juu na Kenzo. Kila pambano, mimi ndiye niliyetangulia kupanda ulingoni na kumwaga chumvi.

"We mama, shuka, ulingo utaoza!" wengine walizomea.

"Basi njoo uufagie, mjomba!" Kenzo aliwajibu.

Na wale wa viti vya nyuma: "Mama, ongeza chumvi, bado hajaiva!"

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2015. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na wauguzi akawaita wapinzani wake, maana ndio pekee waliowahi kumlaza. Alifariki hapa Sumida, Jumamosi tarehe 9 Februari 2019, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Jana kambi ilituma mtu. Alisema kwa upole, "Mama, yamepita. Turuhusu shungi tulikate sisi, jina lake lirudi kambini. Wanawake mtakaa nyuma kidogo tu."

Nilimwambia, "Nyuma nilishakaa. Kunywa chai, uende."

Marehemu ameacha mama yake Tomi, mimi mjane wake Hatsue, binti yetu Chinatsu na dada yake Yoshie. Nyumba hiyo yote ni ya wanawake, na hakuna hata mmoja atakayekaa nyuma leo.

Mkasi uko juu ya jeneza. Kabla hajapelekwa kwenye moto wa kuchomea maiti, mama yake ataanza, kisha Chinatsu na Yoshie, kisha ninyi nyote mliompenda, kila mmoja kidogo. Kumalizia, nitamalizia mimi. Pakiti za chumvi ya kujitakasa ziko mlangoni, kama ilivyo desturi ya msibani. Anayeona mkono wa mwanamke umemnajisi Kenzo, achukue mbili.

Yeye apumzike kwa amani, na kichwa chepesi.